Nani Anasubiri Malipo? Safari ya Tanga hadi Amu

Jumapili: Tanga, Horohoro, Gazi

Mwaliko umetoka Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, Kenya. Akina mama wanaokusanya plastiki ufuoni, pamoja na wavuvi wa mtaa wao, wamenitaka nikazungumze nao habari za uchumi wa kijani, yaani kupata riziki bila kuharibu mazingira. Ndiyo kazi yangu: naandika, nasafiri, nasimama mbele za watu na kusema. Kwa kawaida wanaonisikiliza huwa na vitambulisho shingoni na chupa ya maji mbele ya kila kiti. Hawa wa Amu wanaijua bahari kuliko mimi, kwa hiyo sikutaka kushuka kwenye ndege na kuanza kuhubiri. Nimepanda basi la alfajiri Tanga nifuate pwani polepole, nikipita mahali ambapo mifano yangu mingi ya jukwaani inaishi.

Nimebeba swali moja, la sura mpya ya kitabu changu. Tangu mtu apande mkoko, aache kuvua kwenye mwamba, au aweke shoka chini, hadi shilingi ya kwanza imfike mkononi, panapita muda gani? Na muda huo anakula nini? Sisi wasemaji wa uchumi wa kijani tunapenda sana kutaja faida itakuwa kiasi gani. Itafika lini, hapo sauti zetu hushuka.

Mpakani Horohoro hapakuwa na foleni. Upande wa Kenya, Lunga Lunga, nilibadilisha pesa, nikala mahamri kwa mbaazi, nikaendelea. Njia ya Vanga inachepuka kulia. Kule vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vinauza kaboni ya mikoko kutoka hekta 460, yaani vinalipwa kwa hewa ukaa ambayo miti hiyo imeihifadhi, wakifuata nyayo za Gazi. Sikushuka. Karibu na Msambweni kuna ardhi iliyochimbwa titani kwa muongo mzima, mgodi ukafungwa mwishoni mwa 2024, na sasa kazi iliyobaki ni kurudisha udongo na miti. Hilo nalo lina subira yake, lakini sikulifuata.

Gazi nimepokewa na mama mmoja rafiki wa shangazi yangu. Wali, samaki wa kupaka, na maswali mengi kuhusu watu wa Tanga ambao sijawaona miaka.

Jumatatu: Gazi

Bamvua. Maji yametoka hadi mizizi ya mikoko imebaki wazi, mtu anaweza kutembea chini yake akiinama. Nimepita kwenye njia ya mbao ya akina mama wa Gazi, ile inayokatiza msituni na kulipiwa kiingilio kidogo na wageni, kisha nikavua viatu na kushuka topeni na kijana wa kijiji aliyekuwa akinisomesha miti. Huu mkoko wenyewe, mizizi yake kama miguu. Huu mchu, vipumulio vyake vimechomoza juu ya tope. Kule mkandaa, muia, mlilana upande wa bahari, mkomafi mmoja mwenye matunda makubwa. Kenya nzima ina aina tisa na kijana huyu anazitaja zote bila kusita.

Halafu akanifundisha bei, na hapo ndipo nilitoa daftari. Mti wa mkoko una majina ya sokoni kwa kadiri ya unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zamani majahazi yalizipakia Amu na kwingineko, yakapanda na kusi hadi Uarabuni, nyumba za Ghuba zikaezekwa kwa boriti za kwetu. Urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba. Kenya ilisimamisha usafirishaji wa nje mwaka 1982. Soko la ndani halikufa. Mtu akiwa na panga na ada ya shule inamsubiri, mkoko wa unene wa boriti ni pesa ya jioni ileile.

Upande wa pili wa mizani kuna mradi wa Mikoko Pamoja. Ulianza 2013, wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, na unatajwa duniani kuwa wa kwanza wa kijamii kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na mikoko. Eneo lake ni hekta 117. Kila mwaka unahesabiwa takriban tani 3,000 za hewa ukaa, kwa kipimo cha Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya kaboni, na mauzo yanapitia shirika dogo la hisani lililoko Scotland. Miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Nimepiga hesabu nikiwa nimekaa juu ya gogo: ni kama dola 100 kwa hekta kwa mwaka. Ukisikia mtu anakwambia kaboni ni dhahabu mpya, mpeleke Gazi ahesabu mwenyewe.

Kwa nini tope hili lina thamani kuliko shamba la miti la bara? Kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni haimo kwenye shina. Imo chini. Majani na mizizi inayokufa inazama kwenye tope lisilo na hewa, haiozi ikaisha, inalala humo miaka mamia. Kata mti, fungua tope, na kile kilicholala kinaanza kutoka. Ndiyo maana watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao wana kituo chao hapahapa Gazi, walianza na vipimo vya udongo miaka mingi kabla hapajauzwa chochote.

Sasa malipo. Lazima mikoko ipimwe, hesabu zikaguliwe, cheti kitoke, mnunuzi apatikane. Fedha inapofika haiendi mfukoni kwa mtu. Inaingia mfuko wa kijiji, na kikao cha wanakijiji kinasema itumike wapi. Imejenga maji. Imenunua vitabu vya shule. Mama mwenyeji wangu alisema pesa ya kaboni haijui sura yake lakini bomba analijua, kwani hapo awali alikuwa akiteka kisimani na ndoo zikimvunja shingo. Hilo ni jibu zuri kwa swali langu, ila ni la nusu. Maji yanalipa kila asubuhi na yanamlipa kila mtu, hata yule aliyekuwa akikata miti usiku. Yule aliyekuwa akiishi kwa boriti peke yake, bomba halimlipii ada ya shule. Mradi unalijua hilo. Ndiyo sababu wamepanda mivinje, ambayo inakua upesi na kutoa nguzo za kujengea, mkoko upumzike. Hata mvinje lakini unataka miaka kadhaa kabla haujawa nguzo.

Na kuna malipo ambayo hakuna cheti kinachoyaandika: kaa, kamba, vifaranga vya samaki wanaokulia mizizini. Jioni nimewala.

Tangu 2023 sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi inadai miradi ya kaboni ya ardhini itoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Gazi walikuwa wakigawana kabla ya sheria. Nimeandika pembeni: sheria inataja asilimia. Haitaji tarehe.

Jumanne: Kinondo na Likoni

Nimesimama Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, kwa saa mbili. Unafungwa kaniki kiunoni, unaambiwa usichukue kitu, hata kijiti kikavu, na hakuna kupiga kelele wala kushikana shikana. Mzee aliyenitembeza nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba mwanangu, kisha hakusema neno hadi tulipoingia kivulini. Hekta kama 30 za msitu wa kale, katikati ya hoteli za Diani na mashamba. Kaya kadhaa za Wamijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Watalii wamekuwa wakipokewa hapa kwa mpango tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kiingilio kinasaidia kijiji.

Swali langu halikupata pa kukaa. Msitu huu umelindwa karne nyingi bila kulipwa na mtu yeyote, kwa makaburi, kwa dawa, kwa mvua na kwa kiapo. Nilipomuuliza mzee faida alinitazama kwa huruma.

Feri ya Likoni ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Mombasa nimelala.

Jumatano: Bamburi

Leo nimetumia siku nzima ndani ya shimo la simenti.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kuchimba mwamba wa matumbawe miaka ya 1950. Mwamba ule ni bahari ya kale: matumbawe yaliyokufa, yakawa mawe, yakainuliwa nchi kavu. Unachimba, unasaga, unachoma, unapata simenti. Kinachobaki ni uwanja mweupe usio na udongo, wenye chumvi, jua likilipiga unafumba macho, na maji ya chumvichumvi yako karibu chini ya miguu. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliajiriwa na kampuni mwaka 1959, na 1971 akaanza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita zilikuwa zimebaki tatu: mnazi, mdamasi, na mvinje.

Ni mvinje uliofungua njia. Mizizi yake ina vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani, kwa hiyo unaishi mahali ambapo hakuna mbolea. Lakini majani yake, yale kama sindano, yalianguka yakarundikana bila kuoza. Ukawa msitu juu ya zulia kavu. Hapo ndipo jongoo wenye miguu myekundu alipoingia kazini. Haller alimwona akila zile sindano, akaleta majongoo wengi, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Nimekaa kwenye benchi nikimtazama mmoja akivuka njia. Katika watu wote waliowahi kutajwa kwenye kongamano la uchumi wa kijani, sidhani yupo aliyefanya zaidi.

Hivi leo kuna miti mikubwa, mabwawa ya samaki, kuro, twiga, viboko. Wageni walianza kuingia 1984. Watoto wa shule niliowakuta walikuwa wanataka habari moja tu, ya Owen na Mzee: kiboko mdogo aliyeokolewa upande wa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa, akamfanya kobe mzee wa Aldabra kuwa mama yake. Mwalimu wao aliwasimulia mara mbili.

Mimi hupenda kuutaja mfano huu, na kila nikiutaja huwa na mtu mkali safu ya nyuma anayeinua mkono. Ana haki. Utengenezaji wa simenti unatoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa haitokani na moto wa tanuri tu. Jiwe lenyewe likichomwa linaachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Msitu huu, kwa uzuri wake wote, haurudishi kilichotoka kwenye jiwe lililoondoka. Ni kidonda kilichofungwa vizuri. Wanaotaka kuutumia kuosha jina la simenti wanadanganya, na wanaotaka kuudharau kwa sababu hiyo hawajasimama kwenye shimo jeupe saa saba mchana.

Kwa swali langu Bamburi ina jibu la kipekee. Kati ya mti wa kwanza na mgeni wa kwanza ni miaka 13, na subira yote ililipiwa na kampuni yenye faida ya simenti. Hakuna mwanakijiji angeweza. Ndiyo maana msiniletee Bamburi kama somo la vijiji. Ni somo la wenye mtaji.

Kampuni yenyewe, mwisho wa 2024, imenunuliwa na Amsons wa kwetu Tanzania. Tutawaangalia.

Alhamisi: Vipingo na Kuruwitu

Kutoka Mombasa matatu inapita mkonge wa Vipingo, safu kwa safu, nami nikajihisi niko njia ya Korogwe. Jani la mkonge lina nyuzi zisizofika asilimia 5 ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi. Hale, mkoani Tanga, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kuchachusha makapi hayo kutoa gesi ya kuzalisha umeme, na ulitajwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Mtambo ulikuwa mdogo, kilowati 150. Napenda kuutaja kwa sababu malighafi yake ilikuwa inatupwa tayari. Hakuna aliyeombwa kuacha chochote ili ipatikane.

Kuruwitu ni kinyume. Hapa watu waliombwa kuacha, na walioomba ni wao wenyewe. Wazee wa uvuvi walikuwa wameona samaki wanapungua, wavu unarudi na vidagaa, matumbawe yamevunjwavunjwa. Walianzisha chama chao 2003, na 2005 wakafunga kipande cha bahari cha hekta 30: hakuna kuvua humo, kwa ndoano wala dema, ule mtego wa kusukwa. Lilikuwa eneo la kwanza la aina hiyo nchini kusimamiwa na wanakijiji. Wenyewe wanaliita tengefu.

Nilikaa na wavuvi wawili kivulini, mmoja akitengeneza dema. Mzee akasema miaka ya mwanzo ilikuwa ya matusi. Vijana waliuliza, bahari ni ya Mungu, nyinyi ni nani kuifunga? Na wengine waliingia usiku. Kwa sababu kufunga hekta 30 kunakula chakula cha jioni hiyohiyo, na samaki hawajui kuwa wameahidiwa. Wanachelewa. Kwanza hurudi mwani na samaki wadogo, kisha wakubwa, kisha siku moja wanavuka mpaka, wanatoka nje ya tengefu, na mtu wa dema aliyetega ukingoni anainua dema zito. Hapo ndipo wapinzani wanaanza kutega karibu na mpaka, na siku hiyo, alisema mzee akicheka, ndiyo siku ya ushindi.

Walivukaje miaka ya njaa? Aliyataja mambo yenyewe haraka, kana kwamba hayana maana: watalii wachache wa kuzamia, shamba la nyuma ya nyumba, mke mwenye genge, mtoto aliyekuwa kazini Mtwapa akituma pesa kwa simu. Hakuna ripoti ya uhifadhi niliyowahi kusoma inayomtaja mke mwenye genge. Ila ni yeye aliyeifunga bahari ya Kuruwitu.

Kuruwitu na Gazi walitunukiwa mwaka mmoja, 2017, Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Miradi miwili ya pwani moja.

Ijumaa: Gede na Mida

Kwa anayetaka malipo ya haraka ya kijani, aje Gede.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, ndio mkubwa uliobaki wa aina yake katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Una bundi wadogo wa Sokoke na yule sange mwenye mgongo wa dhahabu ambaye nimemtafuta mara nyingi bila kumwona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi walikuwa wanataka msitu ukatwe wapewe mashamba. Nani angewalaumu? Walichokuwa wanapata kutoka msituni ni nyani na tembo wa kula mahindi.

Mradi wa Kipepeo ulianza 1993, kwenye viwanja vya magofu ya Gede. Mkulima anapewa ruhusa kunasa kipepeo jike msituni, anamweka ndani ya kibanda cha neti na mmea anaoupenda, jike anataga. Mayai yanakuwa viwavi, viwavi wanakula. Kila aina ina jani lake. Wapo wanaotaka majani ya ndimu, wengine wanataka mti wa msituni ambao mkulima sasa ameupanda uani. Kiwavi akishajifunga kuwa pupa, pupa inaokotwa, inapelekwa Gede, inapangwa kwa pamba ndani ya boksi, inapanda ndege kwenda nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Lazima ifike kabla kipepeo hajatoka. Kwa hiyo biashara nzima haiwezi kuchelewa hata ikitaka.

Hilo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Asili yenyewe imeweka tarehe ya mwisho. Mama mmoja niliyemkuta akileta pupa zake alikuwa amezifunga kwenye kikapu kwa kanga, anazihesabu kama mayai. Kati ya yai na pupa ni majuma tu. Haya majuma mtu maskini anaweza kuyabeba. Na kwa kuwa jike anatoka msituni na majani yanatoka msituni, msitu ukifa kikapu kinakufa.

Haraka nayo ina hatari yake. Mwaka 2020 ndege ziliposimama na maonyesho yalipofungwa, pupa hazikusubiri. Vipepeo walitoka wakaruka, bure.

Mchana nimevuka hadi Mida, nikatembea juu ya daraja la kamba na mbao lililopita juu ya mikoko. Kiingilio cha hapa kinalipia karo ya watoto wa sekondari wa familia za kando ya msitu na hori hii, mpango ulioanza 2001. Mzazi ana mtoto kidato cha pili, anajua ada ya muhula ujao imetoka kwenye msitu. Ukimwambia akate mti atakuuliza wewe unamlipia mwanawe?

Jumamosi: barabara ya Lamu

Malindi, Minjila, Witu, Hindi, Mokowe. Vizuizi vya polisi, vitambulisho, kushuka na kupanda. Jirani yangu kwenye basi alikuwa na kuku. Boti kutoka Mokowe, upepo, mikoko pande zote: zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii. Nimefika Amu nimechoka mno kuandika.

Jumapili: Amu

Punda, vichochoro, kahawa chungu. Asubuhi nimekwenda kuwaona mafundi wa vyombo. Fundi wa jahazi anajua mbao zake: mbambakofi kwa ubao wa ubavuni, mti wenye kupinda wenyewe kwa mataruma, mbavu za ndani za chombo, kwani taruma halikatwi, linatafutwa likiwa limekwisha kujipinda porini. Miti hiyo imekuwa adimu na ghali.

Hapa Amu ndipo lilipojengwa Flipflopi, jahazi la plastiki tupu, likashushwa majini Septemba 2018. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda. Tani kama kumi za plastiki iliyookotwa ziliyeyushwa zikawa mbao na mataruma, zikarandwa na kupigiliwa kwa vyombo vilevile vya fundi wa mbao, na ubavu ukafunikwa kwa vipande vya ndara 30,000 vilivyotupwa na bahari. Mapema 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, yapata kilomita 500, na 2021 likazunguka Ziwa Viktoria. Kenya ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017; jahazi likasema kwa rangi kile ambacho sheria ilikuwa imesema kwa faini.

Kama msemaji naliheshimu, ni hotuba bora kuliko zangu zote. Lakini jahazi moja halinunui plastiki ya Amu nzima, na mafundi niliowauliza hawafichi kuwa ubao wa plastiki ni mzito na hauna tabia ya mti. Faida halisi ni kwamba plastiki ilipata bei. Ikawa kitu kinachopimwa kwa kilo.

Alasiri nimezungumza na mzee mvuvi juu ya makaa ya mawe. Kituo cha umeme cha megawati 1,050 kilitaka kujengwa Kwasasi, hapa upande wa bara, kwa makaa ya kuletwa na meli kutoka nje. Nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake inatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua! Watu wa Lamu walikwenda mbele ya Baraza la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Moja ya sababu kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mzee ananikumbusha kesi nyingine, ya bandari ya Lamu. Wavuvi zaidi ya 4,600 walidai fidia, kesi ikafunguliwa 2012, hukumu ya shilingi bilioni 1.76 ikatoka Malindi 2018, na baada yake bado rufaa na mazungumzo. "Wewe unauliza mti unachukua miaka mingapi," akaniambia. "Uliza na serikali."

Nimeiandika hiyo.

Jumatatu: mazungumzo

Chumba cha madrasa, mikeka, akina mama mbele, wavuvi pembeni karibu na mlango. Nilikuwa na hotuba. Nikaanza na Wangari Maathai kwa sababu anafaa swali langu: mwaka 1977 alipoanzisha Green Belt Movement, akina mama walioatika miche walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliosalimika. Tuzo ya Nobel ya 2004 inajulikana kote. Ile senti ya mche haitajwi sana, nami naona ndiyo iliyobeba kazi. Kisha nikasimulia nilikopita: kikapu cha pupa, dema la ukingoni, bomba la Gazi.

Binti mmoja, mdogo kuliko wote, akainua mkono.

"Mwalimu, wewe unalipwa lini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini alikuwa anasubiri. Nikamwambia kweli: kwenye makongamano, hoteli hulipwa kabla sijafika na nusu ya malipo huingia kabla sijapanda jukwaani. Hapa kwao nimeahidiwa nauli tu.

"Basi na sisi tulipwe hivyo."

Ikatoka hadithi yote. Plastiki wanaiokota kila siku, lakini mnunuzi haji mpaka mzigo utoshe kujaza chombo. Magunia yanalala uani majuma, mengine miezi. Mwenye shida anamuuzia mtu wa kati kwa bei ya kutupa, kisha mtu wa kati ndiye anayesubiri na kupata bei kamili. Kwa hiyo Amu subira ni bidhaa, na anayeinunua ni yule mwenye akiba.

Bi mkubwa mmoja akasema chama chao kina sanduku. Kwa nini sanduku lisinunue magunia siku ileile, kwa bei pungufu kidogo, na mnunuzi akija tofauti igawanywe? Hapo hotuba yangu ikafika mwisho wake bila mimi kuifikisha. Pungufu kiasi gani: moja ya tano? Moja ya kumi? Gunia likiwa na mchanga ndani nani anapata hasara? Wavuvi waruhusiwe kuweka hisa, au watataka kukopa tu? Mvuvi mmoja akakasirika, akatoka, akarudi. Wakaniomba kalamu na karatasi. Nikawapa ukurasa wa nyuma wa hotuba. Sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu, na mmoja wa watatu amehamia Faza, kisiwa cha Pate. Nusu saa ilikwenda kwenye ufunguo huo.

Mwenyekiti akaahirisha hadi kesho baada ya alasiri. Aliyenialika akanivuta pembeni, akaniambia kwa aibu kwamba nauli yangu itatoka mzigo ulioko uani ukishauzwa, pengine mwezi ujao. Nikamwambia aniandike kwenye daftari, chini ya akina mama.